Keki Yenye Uso Wangu

Cedar Hill, Texas
22 Aprili 2025

Kwa Shemeji Gakii,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu kati yangu na nafsi yangu, nachukua fursa hii kukutangazia wewe, pamoja na wakazi wote wa Katy, kwamba mimi Kibet, mume wa dada yako, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili na tumbo la mtu wa sabini, nimenunua stempu.

Ndiyo, stempu. Karani wa posta aliniangalia kama mtu aliyeulizia mafuta ya taa.

Usicheke, sababu ipo. Simu nimeizima sauti. Kuna kundi la kanisa, kundi la ukoo wenu, kundi la Wakenya wa huku, na kila nikifungua nakutana na vikatuni vya mikono iliyokunja misuli na mtu ananiita Mshindi. Barua ina faida moja: huwezi kuibonyeza ikaenda kwa watu mia mbili.

Habari yenyewe ni hii. Ule mtihani wa leseni ya uuguzi nitaufanya tena Alhamisi, tarehe kumi na tano Mei, kule Richardson. Mara ya tatu. Hizo mbili za kwanza unazijua, na matanga yake ulihudhuria. Chuo nimemaliza, joho nilivaa, lakini bila leseni mimi bado ni yule yule wa kuwaogesha wazee na kuwalisha uji. Meneja wetu kwenye nyumba ya wazee ameniwekea nafasi ya nesi hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo anampa mwingine. Ameniambia vizuri, kwa tabasamu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Hapo ningeweza kumeza mate nikasoma. Lakini dada yako Lydiah ameandaa sherehe ya shukrani. Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Mtihani Alhamisi, mbuzi Jumamosi. Nilimuuliza, "Mama, na nikianguka?" Akaniziba mdomo kwa kiganja, kiganja chenyewe kina vitunguu, akasema, "Hilo neno halisemwi ndani ya nyumba hii."

Tangazo limeshasambazwa. Nimevalishwa koti jeupe ambalo sijawahi kulivaa, chombo cha kusikiliza moyo kiko shingoni, na chini pameandikwa NESI KIBET, BWANA AMETENDA. Kichwa ni changu. Mabega nadhani ni ya mchezaji wa mpira wa vikapu.

Mchungaji wetu ndiye aliyemtia moto. Unamkumbuka Mchungaji Bisimwa, yule Mkongomani wa Bukavu, siku za kazi yuko ghalani kwenye mashine ya kupanga mizigo, Jumapili yuko madhabahuni na sauti ile ile ya kushindana na mashine. Amenishika bega mbele ya kanisa zima: "Papa Kibet, usiseme nitafaulu. Sema imekwisha! Weye ni nesi tayari!" Kanisa likaitikia. Nami nikaitikia. Ungefanya nini?

Nijibu kwa karatasi.

Shemeji yako,
Kibet

*

Katy
27 Aprili 2025

Shemeji Mwalimu,

Barua yako nilidhani ni ya mahakama. Niliiweka mezani siku nzima nikiizunguka.

Nimecheka mabega hayo. Lakini nikuambie ukweli, sioni unalalamika nini. Wodini kwetu kuna wenzangu waliofanya mtihani huo bila mtu wa kuwapikia hata chai. Wewe una mke anayekuchinjia mbuzi kabla. Una kanisa. Ulifundisha jiografia Kapsabet miaka ishirini, ukasimama mbele ya wavulana wenye njaa ukawaeleza mabonde ya ufa na wakakusikiliza. Kompyuta moja ya Richardson ni nini?

Jiamini tu, shemeji. Kichwa unacho. Ni moyo tu.

Na usile mbuzi wote. Mimi nina zamu Jumamosi hiyo, nimejaribu kubadilishana na kila mtu, wamekataa. Niwekee mguu.

Gakii

*

Cedar Hill
2 Mei 2025

Shemeji,

Jiamini tu!

Ulidhani hilo neno halijanifikia? Limebandikwa kwenye kioo cha bafuni. Dada yako ameandika kwa kalamu nene, MIMI NI NESI, na kila asubuhi natakiwa nilisome kwa sauti huku nimejipaka sabuni ya ndevu. Nasoma. Yule wa kwenye kioo ananitazama kama mwanafunzi aliyesoma kitabu kingine. Kumwambia mtu wa namna yangu ajiamini tu ni kama kumwambia asiyepata usingizi alale tu. Analala vipi, Gakii? Anaanzia wapi?

Samahani. Sikukusudia kukufokea kwa stempu niliyoinunua mwenyewe.

Ngoja nikueleze kinachonitokea mle ndani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanauliza "umejisikiaje", mimi najibu "vizuri", wao wanasema "amina". Ile mashine, unaijua. Ukijibu sawa, inakupa swali gumu zaidi. Ukikosea, inakupa jepesi. Ikisharidhika na uamuzi wake, inazima yenyewe, uwe umemaliza hoja yako au la. Sasa mara zote mbili nilianza vizuri. Kisha likaja swali jepesi. Mgonjwa anataka kwenda chooni, kengele iko wapi, kitu kama hicho. Badala ya kufurahi nikafa ganzi. Nikasema, ahaa, lile lililopita nimelikosa, inanishusha. Kuanzia hapo sikuwa nasoma wagonjwa tena, nilikuwa naisoma mashine. Mgonjwa anavuja damu, mimi nachunguza kama kuvuja kwake ni kugumu au kwepesi. Na nyuma ya kisogo namsikia Mchungaji: weye ni nesi tayari! Nikawa namjibu yeye badala ya kujibu swali. Wanne walikufa mikononi mwangu kabla mashine haijazima.

Nyumbani, nikiwa peke yangu mezani, mazoezi nayafanya vizuri. Binti yetu Chelimo akipita tu nyuma yangu na kuniambia kwa Kiingereza chake kwamba nitaweza, nakosea matatu mfululizo.

Na mambo yanazidi kukua. Kwaya imetunga wimbo, jina langu limo kwenye kiitikio. Mbuzi sasa ni wawili. Mama Josiane anayeoka keki ameomba picha yangu, maana siku hizi keki inachapishwa uso wa mtu juu yake kwa rangi za kuliwa. Kazini, bibi mmoja wa miaka tisini ninayemfunga viatu kila asubuhi ameniita "nesi" tangu Jumatatu. Sijui nani amemfikishia.

Niliwahi kujaribu kumwambia Mchungaji kwamba naogopa. Nilisema kwa sauti ndogo, baada ya ibada, karibu na viti. Aliruka. "Hofu si yako, Papa! Hofu ni ya mwenyewe shetani! Nairudisha kwake!" Akaikemea pale pale, watu wakasogea kusaidia kuikemea. Hofu yangu haina hata kiti cha kukalia, shemeji. Ikija nyumbani, Lydiah anaifukuza. Ikienda kanisani, inapigwa. Nayo haina pa kwenda ila kunisubiri Richardson.

Mimi ni Mnandi, kabila la wakimbiaji, na siwezi kukimbilia hata lifti. Nilishazoea watu kutarajia kwangu vitu ambavyo sina. Lakini hiki cha kujiamini ningekuwa nacho, kama wangeniachia nikitafute.

Kibet

*

Katy
6 Mei 2025

Shemeji,

Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama jikoni na sare ya kazi. Nisamehe hilo "jiamini tu". Nililisema kama watu wanavyosema "pole na kazi", bila kufikiri.

Sasa nisikilize. Ukiniona wodini utadhani najiamini. Sina habari hiyo. Juzi mzee mmoja alibadilika rangi mbele yangu. Hakuna aliyeniuliza, "Nesi Gakii, unaamini?" Mimi mwenyewe sikujiuliza. Niliangalia: anapumua? Nikamwinua kichwa. Nikaita wenzangu. Nikashika cha kwanza, halafu cha pili. Kujiamini kulinijia mikono ikiwa tayari inafanya kazi, na kulikuja kumechelewa kama fundi wa bomba, wakati maji nimeshayakausha.

Usikungoje kujiamini, basi. Ukikaa pale ukingoja kwanza ujisikie mshindi ndipo usome swali, utangoja mpaka mashine izime. Ingia ukiwa na hofu yako, uikalishe kiti cha pembeni, useme: huyu mgonjwa, nini kwanza?

Wale wazee wako unaowaogesha, hufanyi hivyo? Bibi akiteleza bafuni unamshika au unajisomea kibandiko cha kioo?

Na jambo lingine, naomba ukae chini kabla hujalisoma. Mtihani ni Alhamisi. Matokeo ya haraka hutoka baada ya siku mbili za kazi. Jumamosi si siku ya kazi. Kwa hiyo mbuzi wataliwa Jumamosi na matokeo yatakuja Jumatatu. Dada amehesabu vibaya. Mwambie, au nimwambie mimi?

Gakii

*

Cedar Hill
11 Mei 2025

Shemeji mpendwa,

Usimwambie!

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye gari mbele ya duka la vyakula, na nikuambie, kwa mara ya kwanza tangu Aprili nilipumua hadi chini ya tumbo, na unajua huko ni safari. Jumatatu! Inamaanisha Jumamosi hakuna anayejua. Watakula mbuzi, wataimba kiitikio, nami sitakuwa nimefaulu wala kuanguka. Nitakuwa kama mahari iliyo njiani.

Ninajua ni vibaya kumficha dada yako. Lakini keki imeshaagizwa, kwaya imeshonesha vitenge, na nikimwambia ataihamisha sherehe Jumatano na kuongeza mbuzi wa tatu.

Mimi niko sawa. Ushauri wako nimeuelewa. Niko sawa kabisa. Nalala vizuri. Jana nilikula ugali mara mbili. Usiwe na wasiwasi wowote juu yangu, kwa kweli niko sawa.

Niombee, lakini kimoyomoyo.

Kibet

*

Katy
21 Mei 2025

NESI Kibet!

Naandika kwa herufi kubwa na nina haki. Jana Mchungaji Bisimwa ameweka picha kwenye kundi: wewe, suti ya kijivu, keki yenye uso wako, na chini yake "Bwana ametenda". Nilikuwa nimeegesha gari nje ya hospitali, nikalia mpaka mlinzi akaja kugonga kioo. Tangu Jumatatu nilikuwa naogopa kukupigia. Dada naye simu yake haishikwi, nikasema basi, wanasherehekea, waache.

Unaona sasa? Nilikuambia nini? Ulikuwa nacho siku zote! Labda hata ule ushauri wangu wa fundi bomba hukuuhitaji. Labda dada ndiye alikuwa sahihi na mbuzi wake. Nikikuona nitakuita Nesi mpaka uchoke.

Meneja amesemaje? Unaanza lini? Mguu wangu wa mbuzi uko wapi?

Shemeji yako mwenye fahari,
Gakii

*

Cedar Hill
25 Mei 2025

Gakii,

Kaa chini, zamu yako imefika.

Sikufaulu.

Picha ile ni ya Jumamosi. Mchungaji aliiweka Jumanne kwa sababu, nanukuu, "picha ya imani haiozi". Simu ya dada yako haishikwi kwa sababu ameificha kwenye droo ya vijiko. Hongera yako ilifika jana. Niliisoma yote, hata nikaifurahia kidogo, kama mtu anayesoma habari za jirani yake.

Nitakueleza ilivyokuwa, bila chumvi.

Alhamisi niliendesha peke yangu hadi Richardson. Lydiah alitaka twende na kina mama wawili wa maombi. Nikasema gari lina harufu ya mafuta. Niliingia, wakanipekua mifuko, wakanipa kabati la saa yangu. Nikakaa. Na shemeji, ushauri wako ulinitoka wote kama maji kwenye chujio. Swali la kwanza tu, nikamsikia Mchungaji. La pili, nikasikia kiitikio cha kwaya, na kibaya zaidi ni wimbo mzuri. Nilijibu maswali mengi hivyo, nikiwa na kanisa zima nyuma ya shingo. Kisha likaja lile jepesi. Mgonjwa kakasirika chakula kimepoa. Nikafa ganzi.

Nikanyoosha mkono, nikaomba kwenda chooni. Wanaruhusu, saa inaendelea kukimbia. Kule ndani kuna kioo, hakina karatasi. Nikanawa uso. Nilitaka kusema yale niliyofundishwa, mdomo ukakataa. Nikasema, "Sijui." Nikasubiri mtu aikemee hofu yangu. Hakuja mtu. Nikasema tena, "Sijui kama nitaweza," na yule wa kwenye kioo kwa mara ya kwanza akawa anafanana na mimi.

Nikarudi. Swali: mama amejifungua, shinikizo la damu linashuka, ufanye nini kwanza? Nikamfikiria mama. Sikuangalia swali lilikuwa gumu au jepesi, na mpaka leo sijui. Likaja jingine, mzee ameteleza bafuni. Gakii, karibu nicheke kwa sauti. Kuanzia pale nilifanya mtihani. Hofu ilikuwa imekaa pembeni yangu kama abiria, na nilikuwa nafanya mtihani. Tatizo langu ni kwamba nilianza kuufanya umeshafika katikati. Mashine ikazima.

Jumamosi. Watu walijaa, ukumbi ule wa kanisa, hata Wakongomani wa kutoka Fort Worth walikuja. Mama Josiane aliileta keki imefunikwa, akaifunua, na pale nilikuwa mimi, mkubwa kama sinia, nikitabasamu kwa sukari. Chelimo aliitazama akasema inatisha. Kwaya ikaimba. Kisha Mchungaji akanipa kipaza sauti: "Papa, kiri! Tuambie mambo iko namna gani!"

Lydiah alikuwa mbele, amevaa kitenge kipya. Wakati huo alikuwa bado anadhani kwamba matokeo ninayo mfukoni na ninangoja kuwashtua. Nilikuwa nimepanga hotuba, nzuri, yenye mistari miwili ya Zaburi. Nikamtazama. Nikasema, "Matokeo ni Jumatatu. Sijui kama nimefaulu. Nilipokuwa mle ndani niliogopa sana. Sijui."

Umewahi kusikia ukumbi wa Waafrika ukinyamaza wakati nyama iko mezani? Hata watoto. Mchungaji akanisogelea, akaninong'oneza bila kipaza sauti, "Papa, neno gani hiyo?" Nikamwambia, "Ndiyo hiyo niliyo nayo, Mchungaji." Akanikazia macho. Nilitegemea anikemee. Akakuna kichwa, akachukua kipaza sauti, akasema, "Basi. Tukule kwanza, nyama itapoa."

Na wakala. Wengi walinipita wakinipa mkono bila neno, na nilishukuru kwa kila mkono usio na neno. Keki waliikata kuanzia sikio.

Lydiah hakula. Nilimkuta jikoni mwa ukumbi anaosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Nilijua atanimaliza, kwa aibu ya ukumbini, kwa siri ya Jumatatu, na kwa yote. Nikaanza kuomba msamaha. Nikamwambia, "Mama, najua wewe uliamini, mimi ndiye nimekuangusha."

Akageuka. Povu hadi kwenye viwiko. Akasema, "Nani aliyekuambia niliamini?"

Nikasogea karibu na sinki.

"Tangu ile ya pili siamini," akasema. "Silali. Nikaona imani yangu haitoshi mtu mmoja, sembuse wawili. Nikasema nitawaita watu mia, labda kila mmoja atakuja na kidogo."

Gakii, wiki zote zile mimi nikimlalamikia kwako kama mtu aliyeoa mkutano wa injili, yeye alikuwa anaogopa chumba cha pili. Tulikuwa tunaficha kitu kimoja, kila mtu chini ya mto wake. Nilichukua kitambaa, nikamfutia sufuria.

Jumatatu tulifungua pamoja, yeye akiwa ameshika kikombe bila chai. Matokeo nimeshakuambia. Lakini karatasi ya maelezo ilifuata siku chache baadaye. Mara mbili zilizopita kila sehemu iliandikwa "chini ya kiwango". Safari hii nyingi ni "karibu na kiwango", mbili ni "juu". Huko nyuma, ukiniuliza nani alianguka, ningesema kanisa lote, kwaya, Mchungaji na mimi. Hii nimeanguka peke yangu, kwa akili yangu mwenyewe, na sijui kwa nini hilo linanipa nguvu.

Nguvu zenyewe usizitie chumvi. Nina hasira. Sheria inasema lazima wiki sita na ushee zipite kabla ya kurudia, maana yake ni Julai, na Juni ya meneja itakuwa imeshakwisha. Nilimwambia Ijumaa. Alitabasamu vile vile. Nafasi anampa kijana aliyemaliza juzi. Bibi wangu wa viatu bado ananiita nesi, nami nimeacha kumrekebisha, maana kila nikimrekebisha ananisikitikia na kunipa biskuti. Nilifika nyumbani nikapiga mlango wa friji teke, mle ndani kuna kipande cha keki chenye jicho langu la kushoto na nusu ya pua. Lydiah hataki kitupwe wala kuliwa.

Sasa ombi. Julai nataka kufanyia mtihani huko karibu na kwenu, Houston. Nipe kile chumba cha nyuma, siku mbili. Usimwambie mtu. Usipike kitu kinachohitaji kuchinjwa. Ukinikuta asubuhi mezani usinitie moyo. Niulize kama nataka chai.

Dada yako anasema atakuja nami. Atakaa kwenye gari, kwenye maegesho, mpaka nitoke. Nilimuuliza, "Utakuwa unaomba?"

Akasema, "Nitakuwa naogopa."

Nikamwambia basi aje. Hiyo kazi ya kuogopa sitaifanya peke yangu.

Shemeji yako,
Kibet